Salamu ya Kwenye Kigoda

Mama mkwe wangu alinisifu mara moja tu katika miaka ishirini na sita ya ndoa yangu. Ilikuwa wiki ya kwanza, nikiwa bado bibi harusi wa kuonyeshwa watu, na wanawake wa Kwihara, kijijini kwake nje kidogo ya Tabora, wamejaa uani kwake wakinigeuza kwa macho kama kitenge cha mnadani. Mmoja akasema nina miguu myembamba. Mwingine akasema watu wa Igunga wamezoea ng'ombe, jembe la karanga hawaliwezi. Mama mkwe aliwaacha wamalize, kisha akasema, "Semeni mtakayo. Huyu anajua kupiga goti."

Nilikuwa najua kweli. Kwetu mwanamke hamsalimii mkubwa wake akiwa amesimama. Anashuka, magoti yote mawili ardhini, na anabaki pale pale mpaka aulizwe habari za nyumbani, za watoto, za shamba na za mvua, na azijibu zote. Wapo wanaoshuka kama gunia linaloteremshwa kwenye lori, wanashika ukuta na kuguna. Mimi nilishuka mara moja, mgongo umenyooka, bila kugusa chini kwa mkono. Mama yangu mzazi alinifunza hivyo tangu nikiwa na miaka mitano, na ufagio ulikuwa haukai mbali.

Mengine yote ya kwangu mama mkwe hakuyapenda. Nsansa yangu, yale majani ya kunde tunayokausha kwa ajili ya kiangazi, ilikuwa na chumvi nyingi. Ushonaji wangu ulikuwa kazi ya watu wanaopenda kukaa. Nilipozaa watoto wa kike wawili mfululizo alisema Mungu ana mipango yake, kwa sauti ya mtu ambaye Mungu hakumuuliza alipokuwa akipanga. Lakini kila nilipofika uani kwake na kushuka chini, uso wake ulilegea kidogo, nami nikajua bado nina mahali pangu katika ule ukoo. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa ambacho hakikuwa na kasoro. Ndiyo sababu magoti yalipoanza kunisaliti, maumivu hayakuwa jambo kubwa kuliko yote.

Yalianza nikiwa na miaka arobaini na tisa. Kwanza ilikuwa mlio. Nikipanda ngazi za kanisa, goti la kulia linalia kama mtu anayetafuna michembe, vile viazi vitamu vyetu vilivyokaushwa juani. Nilicheka. Niliwaambia wateja wangu wa Kanyenye, huku mjini, ninakoshonea kwenye baraza ya duka la vitambaa, kwamba siku hizi natembea na chakula changu. Baada ya miezi michache sikuwa nacheka tena. Goti lilivimba, likawa la moto, na cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga. Sare zote za shule nilizoshona mwisho wa mwaka ule nilizishona nimeuma meno.

Na kama hilo halikutosha, siku zangu za mwezi nazo zikaanza kuja zinavyopenda. Mara mbili katika mwezi mmoja, kisha kimya miezi mitatu, kisha zikaenda zao bila kuaga. Joto likawa linanipanda kutoka kifuani mpaka masikioni mchana kweupe, nampima mteja kiuno huku jasho langu linamdondokea begani. Siku moja nilijitazama kwenye kioo kirefu cha wateja nikamwona shangazi yangu marehemu amesimama na tepu shingoni. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Msemo huo nilikuwa nimewaambia wengine mara nyingi, tena kwa furaha.

Magoti yakiuma, kila mtu ni daktari. Jirani yangu muuza mitumba aliniambia niloweke bamia na kunywa maji yake kila asubuhi, ule utelezi utashuka wenyewe mpaka kwenye viungo. Nilikunywa bamia miezi miwili mpaka nikaogopa kuteleza kwa ndani. Mteja mmoja akaniletea mafuta ya nyonyo. Mwanakwaya mwenzangu alinivuta pembeni baada ya mazoezi akaninong'oneza kwamba haya si ya hospitali, kuna kitu cha mtu nimekanyaga. Nilimjibu kwamba nimekanyaga cherehani tangu nina miaka ishirini, na kama kuna mtu aliyenitegea, basi ni huyo fundi aliyeiunda. Hakupenda. Nami sikujali kama alipenda. Nilikuwa nimekuwa mtu wa hasira za karibu, hata kwa watu walioniletea mafuta.

Hospitalini, daktari alikuwa kijana wa umri wa mwanangu. Aliinua picha ya magoti yangu kuelekea dirishani, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. "Mama, hapa katikati huwa kuna kitu laini kinachozuia mfupa usisagane na mfupa. Cha kwako kimelika."

"Kinarudi?"

"Hapana, mama. Tutapunguza maumivu, na wewe utapunguza uzito, utayatunza."

Kisha akanitajia mambo ya kuacha. Nisichuchumae. Nisipige magoti. Nisikanyage cherehani. Nisibebe ndoo. Nitafute choo cha kukaa. Nikamuuliza kama kuna jambo lililobaki ambalo naruhusiwa. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, akasema kuogelea ni kuzuri sana.

"Kuogelea wapi, baba? Tabora hii? Kwenye karai?"

Alicheka, nami nikacheka ili asione haya. Halafu nikaenda choo cha hospitali kulia, na kilikuwa cha kuchuchumaa, kwa hiyo nililia nimesimama.

Wanasema mababu wa mume wangu walibeba meno ya tembo mabegani kutoka huku mpaka pwani, wakarudi na majora ya nguo, kwa miguu, na waliorudi waliomba kwenda tena. Huo ndio ukoo nilioolewa. Na mimi nilikuwa nahesabu hatua kutoka kitandani mpaka mlangoni. Nilimwomba Mungu tubadilishane. Nilimpa sikio la kushoto, nilimpa meno ya nyuma, nilimwambia hata akitaka achukue nywele zote, kwa kuwa navaa kilemba. Hakutaka chochote ila magoti.

Kipindi hicho mama mkwe alikuwa ameshapoteza macho. Ilikuwa presha ya macho, na tulipomfikisha kwa wataalamu walisema tumechelewa. Alilia siku moja nzima. Siku ya pili aliagiza ifungwe kamba kutoka mlango wa chumba chake mpaka chooni, akaanza kuishi upya kwa kuishika. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyeachika zamani na kurudi nyumbani, ndiye aliyekuwa akimtunza.

Mama mkwe alituona kwa masikio. Alijua nani ameingia kwa mburuzo wa kandambili. Na alijua nani ameshuka na nani amesimama, kwa pale sauti inapotokea. Mke wa shemeji yangu mdogo, anayeishi Dar es Salaam, aliwahi kujaribu kumsalimia wima. Mama mkwe aliinua uso, akageuza sikio. "Sauti yako inatoka juu, mwanangu. Uko kwenye paa?" Uani kote watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote, Mungu anisamehe.

Jumamosi moja ya kiangazi nilishuka kumsalimia kama kawaida yangu. Nilijibu habari zote, mpaka ya mbuzi aliyezaa. Ulipofika wakati wa kuinuka, goti la kulia likakataa. Sisemi liliuma. Kuuma lilikuwa linauma kila siku. Lilikataa, kama punda anavyokataa katikati ya barabara. Nilijaribu mara ya pili, jasho likanitoka mgongoni.

"Bado uko hapo?" akauliza mama mkwe.

"Nipo, mama."

"Una neno?"

Pembeni kulikuwa na ungo wa mchele, nikauvuta, nikaanza kuchambua mawe nikiwa nimepiga magoti vile vile, machozi yanaanguka kwenye mchele. Mama mkwe akasikia mchele unavyochezea ungoni. Akamwambia wifi yangu, "Unaona? Wenzake wakishasalimia wanakimbilia kwenye simu zao. Huyu anakaa na mimi." Nilichambua ungo mzima, nikaurudia tena kutoka mwanzo. Wifi alipoingia jikoni kuchochea moto, nikatambaa kwa viganja mpaka ukutani, nikajivuta juu kwa kucha. Nilikuwa na miaka hamsini kasoro miezi miwili.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu. Yeye ni fundi wa pampu za maji, si mtu wa maneno mengi. "Mwambie tu," alisema. "Mama ni mtu mzima, ataelewa."

"Ninyi wanaume mnamsalimia mmesimama, mikono mfukoni. Mimi nikimwambia siwezi tena, nimebaki na nini kwake? Chumvi?"

Alitaka kucheka, akaniangalia usoni, akaacha. Wiki ile alinifungia mota kwenye cherehani ili nisikanyage tena. Ilikuwa upendo, naujua. Lakini nilipoisikia inalia yenyewe, miguu yangu imekaa kando haina kazi, nilijiona kama mtu aliyestaafishwa kwa barua.

Jumamosi iliyofuata nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafumba macho. Jikoni kwa mama mkwe kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu, kifupi sana, cha kupikia. Nilikichukua bila kukiburuza, nikakiweka mbele yake taratibu. Nikakaa, miguu nimeinyoosha mbele, nikainama mpaka mdomo wangu ukafika pale ulipokuwa ukifika zamani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

Na uso wake ukalegea vile vile. Ilikuwa rahisi mno. Nilijibu habari za nyumbani, za watoto, za kazi.

Wifi yangu alikuwa mlangoni mwa jikoni ameshika mwiko. Alinisubiri kwenye tangi la maji.

"Wifi, hilo uliloniletea leo ni nini?"

"Ni magoti, wifi. Yameisha. Nakuomba usimwambie."

Aliosha mwiko muda mrefu kuliko ulivyohitaji. "Mimi simwambii," alisema. "Lakini akiniuliza, simdanganyi. Kwenye nyumba hii kipofu ni mmoja tu."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilichukua mwaka mzima, kiangazi mpaka kiangazi. Nikawa hodari. Niligundua kwamba mtu anaposhuka magoti hutoa pumzi kidogo, nami nikawa naitoa. Niligundua kwamba magoti yakitua hutoa kishindo, basi nikawa napiga sakafu kwa kiganja mara mbili, moja baada ya nyingine, kabla ya kusalimia. Nilijifunza hata kuchelewesha cha pili kidogo, kwa sababu mtu wa umri wangu hatui kwa pamoja. Ukiniuliza nilikuwa namfanyia nani mchezo ule, sijui. Yeye hakuwa anaona, na mimi nilikuwa naona vizuri sana.

Mwili nao haukunisubiri. Goti la kushoto liliona mwenzake amepumzika, nalo likadai likizo. Nilinenepa kwa kukaa, na kunenepa kukazidisha magoti, nikawa nazunguka humo humo kama ng'ombe kwenye kinu. Usingizi ulikuwa wa vipande. Kuna asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda, nimeshika viatu mkononi, nikawaza kwamba kama huu ndio mwanzo tu wa uzee, mwisho wake sitaki kuuona. Nalisema wazi sasa kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Nilivaa viatu nikaenda kazini, nikamgombeza mteja kwa sababu ya zipu.

Mwaka huo karanga zilipokwisha kuvunwa, mama mkwe alituita wote. Alisema anataka kutuwekea mkono akili yake ikiwa bado nzima, na kwamba hataki ubishi wa kumwambia ataishi miaka mingi. Wanawe walikuja na wake zao, hata wale wa Dar. Tuliingia chumbani kwake mmoja mmoja, kwa kuwa maneno anayopewa mtu wakati ule ni yake. Anayebarikiwa anapiga magoti mbele yake. Yeye anamwekea mkono utosini, anasema aliyonayo, kisha anachukua maji kinywani na kumpulizia kichwani kidogo. Aliyekosa maji hayo, kwa ule ukoo, ni kama mgeni aliyeshiba akaondoka.

Nilikaa uani na wenzangu. Ningeweza kusema. Nafasi zilikuwa nyingi: kabla ya chai, baada ya chai, wakati wifi anateka maji ya bakuli. Kila moja niliiacha ipite na kujiambia ijayo ndiyo. Zamu yangu ilipofika nilikifunika kigoda kwa kanga, nikaingia nacho.

Alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, miguu ameikunja upande. Wifi yangu alikuwa kando yake ameshika bakuli. Aliona kanga, akaona umbo lililo ndani yake, akatazama pembeni. Nikapiga sakafu mara mbili. Nikakaa, nikainama, nikasalimia.

Mkono wa mama mkwe ulikuja moja kwa moja kichwani kwangu, mzito na wa moto. Alimtaja Mungu, aliwataja wazee waliotangulia, wa upande wake na wa mumewe. Alisema mimi nilikuja kwake nikiwa binti mwembamba, na kwamba hakuwa akinisemesha sana, lakini alikuwa ananisikia. Alisema, "Wewe ulinipa heshima nikiwa na macho, na ukanipa nilipokosa macho." Nilitamani ardhi ipasuke. Akachukua bakuli, akatia maji kinywani.

Mkono wake ulikuwa bado juu yangu. Ukashuka begani, ukabonyeza, kama wazee wanavyompima mtu aliyenenepa. Ukashuka kwenye mkono, ukafika kiunoni, ukatafuta paja lilipokunjwa. Halikuwa limekunjwa. Uliifuata miguu yangu iliyonyooka, ukarudi, ukagusa ukingo wa mbao. Vidole vikauzunguka taratibu. Vikashuka kwenye mguu wa kwanza wa kigoda, wa pili, wa tatu.

Maji yaliyokuwa kinywani aliyameza.

"Umekaa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi cha mwaka jana."

"Na yale magoti niliyokuwa nayasikia yakitua?"

"Ni kiganja, mama."

Wifi yangu alikuwa anaangalia ndani ya bakuli kama kuna kitu kimezama. Nilingoja matusi. Nilingoja aseme juu ya Igunga, juu ya malezi, juu ya mama yangu aliyelala kaburini. Ningeyapokea yote, na mengine ningeyaongezea mwenyewe.

"Ungeniambia una magoti mabovu ningekupa pole," alisema. Hakupandisha sauti. "Ningekuuguza kwa maneno, kwa sababu ndiyo niliyobaki nayo. Lakini wewe uliona mimi sioni, ukasema, hapa ndipo pa kujifichia. Ulinifanya kipofu mara ya pili."

"Mama, nisamehe, niliogopa..."

"Mwite anayefuata."

Nilichukua muda kuinuka. Hakuna aliyenisaidia, nami nisingekubali kusaidiwa. Nje, mke wa shemeji yangu wa Dar, yule wa kwenye paa, aliuliza kama nimeshapata baraka. Nikasema ndiyo. Hata pale, machozi hayajakauka, nikasema ndiyo.

Sikwenda Kwihara Jumamosi tatu. Nilimwambia mume wangu yote, naye akasema mama yake atapoa. Hakuelewa kwamba si hasira iliyonitisha. Usiku na mchana nilikuwa nasikia ile sauti isiyopanda. Nilikuwa nimejihurumia miaka miwili, nimejiita mgonjwa, nimejiita mzee, nimemlaumu Mungu na fundi wa cherehani, na katika kujihurumia kwangu nikakanyaga ugonjwa wa mtu mwingine ili wangu usionekane. Mficha maradhi kifo humfichua, wanasema wahenga. Mimi nilifichuliwa na vidole vya mama wa watu, tena wakati anataka kunitendea mema. Niliona kwamba akifa hivi, nitaishi nalo jambo hili mpaka na mimi nifungiwe kamba ya kwenda chooni.

Jumamosi ya nne nilichukua mkongojo ambao daktari alikuwa ameniandikia na ambao ulikuwa umekaa nyuma ya kabati na karatasi yake. Nilitoka nao mchana, nikapita nao Kanyenye yote mbele ya wateja wangu kwenda kuchukua bajaji. Muuza mitumba alijifanya anakunja nguo. Mtani wangu mmoja, Mzaramo anayeuza viatu, akapaza sauti, "Mnyamwezi, leo mzigo umekubeba wewe?" Nilishukuru. Angekaa kimya ningerudi nyumbani.

Mama mkwe alikuwa mkekani mlangoni, anabangua karanga kwa vidole. Alisikia mkongojo na vidole vikasimama. Hakuujua mlio huo. Nikasogea mpaka mbele yake, nikasimama.

"Shikamoo, mama."

Sauti yangu ilitoka juu. Niliisikia mwenyewe ilivyo juu, kavu, haina adabu, inapita juu ya kichwa chake na kwenda kugonga ukuta. Mwili mzima ulitaka kushuka, kwa mazoea ya miaka arobaini na tano, na haukuweza. Akainua uso. Barabarani lilipita gari la wageni wanaokwenda kutazama tembe la makumbusho, ile nyumba ya kale ya udongo, vumbi likaja mpaka uani, likatua juu ya karanga.

"Marahaba," alisema mwishowe.

"Mama, siwezi kupiga goti," nikasema. "Magoti yameharibika. Daktari alinikataza, nami nikakudanganya. Sitaweza tena."

Nilikuwa sijawahi kuyasema hayo kwa mtu yeyote, maneno mawili ya mwisho. Kwa mume wangu nilikuwa nasema "kwa sasa". Kwa wateja nilikuwa nasema "mpaka yatulie".

Mama mkwe aliweka karanga chini. Aliinua mkono wa kulia, akaunyoosha juu, vidole vimepanuliwa, anatafuta kichwa changu. Hakukifikia. Alijaribu kujiinua kutoka mkekani, kiuno chake kikamrudisha. Mimi niliinama kadiri nilivyoweza, mkongojo ukateleza, nikarudi wima haraka nisije nikamwangukia. Tulikuwa pale, yeye hawezi kupanda na mimi siwezi kushuka, na mkono wake uko katikati hewani. Kisha ukashuka wenyewe kwa kuchoka, ukaangukia kwenye goti langu.

Alilishika kwa nje ya kitenge. Alibonyeza pembeni, kwenye uvimbe, nikauma mdomo. Alizungusha kiganja, akasikia joto, akasikia ule msagano.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, mama. Na la kushoto limeanza."

Miaka miwili watu walikuwa wameniambia nitapona. Kwaya iliniombea kwa sauti kubwa kwamba nimeshapona tayari. Mume wangu alisema tutakwenda hospitali kubwa. Muuza mitumba alisema nivumilie bamia mwezi mmoja zaidi. Nami niliwashukuru wote, na kila mmoja aliponiambia hivyo nilirudi nyumbani nikiwa peke yangu zaidi.

"Hili halitapiga goti tena," alisema mama mkwe.

Hakuwa anauliza. Nikasema, "Ndiyo, mama," na kilio kikanitoka, kile cha sauti, nimesimama katikati ya uani na mkongojo wangu, wifi yangu ametoka jikoni kuangalia kuna nini. Mama mkwe hakuniambia ninyamaze. Hakunibariki pia, na mpaka leo hajanibariki. Aliuacha mkono wake pale pale kwenye goti mpaka nilipomaliza kulia.